Mzee Antonín Dvořák: Mtunzi Aliyeipenda Nyumba Yake



Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyefariki zamani, ambazo zaweza kutufaa sisi tuliotawanyika mikoani kwa ajili ya kazi. Nimewaacha wafalme na majemadari, maana hao wana waandishi wao. Nimemchagua mtunzi wa muziki, Antonín Dvořák, Mcheki, mtoto wa mwuza nyama. Sisi wa kwaya tulilisikia jina lake kwa mara ya kwanza kwa mwalimu wetu wa muziki, aliyetupigia kanda ya simfonia yake. Chuo kikuu nilisomea utawala, si muziki, lakini habari za mzee huyu nimezifuatilia tangu wakati ule.

Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1841 katika kijiji cha Nelahozeves, kando ya mto Vltava, kaskazini ya mji wa Prague. Wakati huo nchi ya Wacheki ilikuwa chini ya dola ya Austria, na lugha ya vyeo ilikuwa Kijerumani. Baba yake alikuwa na bucha na nyumba ya wageni, na alijua kupiga ala ya nyuzi iitwayo zither. Antonín, kwa kuwa ndiye kifungua mimba, alitazamiwa kurithi kisu cha baba. Lakini mwalimu wa kijiji alimfundisha fidla, kisha akapelekwa mji mdogo wa Zlonice akajifunze Kijerumani. Mwalimu wake wa Kijerumani huko alikuwa pia fundi wa kinanda. Basi bucha likakosa mrithi.

Mwaka 1857 aliingia chuo cha wapiga kinanda cha Prague. Kuanzia 1862 alipiga viola katika okestra ya jumba la michezo kwa karibu miaka 10, na mshahara ulipokuwa hautoshi alifundisha piano majumbani kwa watu. Mmoja wa wanafunzi wake, Anna Čermáková, alimwoa tarehe 17 Novemba 1873.

Hapo ndipo yalipomfika mazito. Mwaka 1875 binti yao mchanga alifariki siku chache tu baada ya kuzaliwa. Mwaka uliofuata Dvořák alianza kuutungia muziki utenzi wa Kilatini uitwao Stabat Mater, unaoeleza uchungu wa mama aliyefiwa na mwanawe, kisha akauweka kando. Agosti 1877 binti yake Růžena alifariki kwa kunywa sumu ya fosforasi. Tarehe 8 Septemba, siku ambayo baba alikuwa akitimiza miaka 36, mwanawe Otakar naye alichukuliwa na ndui. Nyumba ikabaki bila mtoto hata mmoja. Dvořák aliutoa utenzi ule alipouweka, akaumaliza mwaka huo huo. Ndio uliomfungulia milango ya Uingereza mwaka 1884. Baadaye yeye na Anna walijaliwa watoto wengine sita, na wote walikua.

Sifa zake zilianza kuenea mwaka 1878, baada ya Brahms kumpendekeza kwa mchapaji Simrock wa Berlin. Mchapaji yule alitaka jina lake lichapwe kwa namna ya Kijerumani. Dvořák alikataa, akadai jina lake na majina ya tungo zake yachapwe kwa Kicheki pia. Aliposhauriwa ahamie Vienna, kwenye vyeo na fedha, hakuhama. Alipopata fedha alijitengenezea nyumba huko Vysoká, shamba, akapanda bustani na kufuga njiwa. Huko alitembea msituni asubuhi na mapema, na nyingi katika tungo zake alizitungia huko. Akiwa mjini, starehe yake ilikuwa kwenda stesheni kutazama magari moshi.

Mwaka 1892 alikubali kwenda New York kuongoza chuo cha muziki kwa dola 15,000 kwa mwaka. Wenzangu mliowahi kupata barua ya uhamisho mtaelewa hesabu aliyoifanya: alikwenda na mkewe na watoto wawili, wanne wakabaki nyumbani. Kiangazi cha 1893 aliwaita wale wanne, na familia yote ikasafiri hadi Spillville, kijiji cha walowezi wa Kicheki katika jimbo la Iowa. Alitembea kando ya kijito akisikiliza ndege, akapiga kinanda kanisani asubuhi. Kwa siku 16 tu za mwezi Juni akamaliza utungo wa ala nne za nyuzi ambao hadi leo unapigwa dunia nzima.

Chuo kile cha New York kilipokea wanafunzi weusi. Mmoja wao alikuwa Harry Burleigh, aliyejifunza nyimbo za watumwa kutoka kwa babu yake, mtu aliyewahi kuwa mtumwa na ambaye alikuwa kipofu. Burleigh alimwimbia Dvořák nyimbo zile. Mzee hakuzidharau. Aliwatangazia Wamarekani magazetini kwamba muziki wa nchi yao ujengwe juu ya nyimbo za watu weusi, na wengi walimkasirikia. Tarehe 16 Desemba 1893 simfonia yake ya tisa ilipigwa Carnegie Hall. Burleigh naye aliishi kuzipanga na kuzichapisha nyimbo za babu yake, zikaimbwa katika kumbi kubwa.

Kwa maoni yangu, Dvořák alizisikia nyimbo zile kwa sababu hakuwa ameziba masikio kwa nyimbo za kwao. Mtu aliyeionea haya lugha ya baba yake asingeweza kuithamini sauti ya babu wa mwingine.

Alirudi nyumbani mwaka 1895. Binti yake Otilie aliolewa na mwanafunzi wake Josef Suk tarehe 17 Novemba 1898, siku wazazi walipotimiza miaka 25 ya ndoa. Mwaka 1901 akapata mjukuu, akaitwa babu. Alifariki Prague tarehe 1 Mei 1904, akazikwa Vyšehrad.

Babu yangu mimi aliimba akichunga ng'ombe. Katika nyimbo zake nazijua tatu tu, na watoto wangu, waliozaliwa mjini, wanajua moja. Nadhani wengi wenu hesabu yenu haipishani sana na yangu. Kwa hiyo naleta pendekezo: katika mkutano wetu ujao, kila mmoja aje na wimbo mmoja wa babu au bibi yake, kwa lugha ya kwao, na kwaya ya shule iuandike na kuuimba. Wazee waliobaki tuwaendee sasa, wangali na sauti.