Mirambo na maradhi ya koo

Mirambo alirithi utemi mdogo wa Uyowa, akaukuza hadi kuwa dola yenye makao yake Urambo. Kuanzia 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora, mji wenye Mtendeni ya leo, akaifunga njia ya misafara ya kwenda Ujiji. Bunduki hazikummaliza, alifariki Desemba 1884 kwa maradhi ya koo.

Urambo ya wakati ule haikuwa na kipimo cha kuyachunguza. Leo daktari hutazama koo kwa kamera na kuchukua kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Katika nchi zenye uwezo, roboti huongoza mrija mwembamba hadi ndani ya pafu, saratani igundulike ingali changa.

Ndugu msomaji, sauti ikikwaruza wiki tatu, au kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda hospitali.