Dakta Livingstone na Nyota

David Livingstone alizaliwa Uskochi mwaka 1813, akawa tabibu, akaja Afrika kuhubiri. Mwaka 1852, huko Cape Town, Thomas Maclear, mjuzi wa nyota, alimfundisha kupima vimo vya nyota ili ajue mahali aliposimama. Kazi hiyo hutaka saa za kweli. Mwaka 1867 mchukuzi wa saa zake aliteleza akaanguka, na hesabu zake zikapotoka. Mtelezo mdogo, hasara kubwa! Mwaka 1872 alikaa Kwihara, karibu na Tabora, akingoja wapagazi. Akafa mwaka uliofuata. Watumishi wake Chuma na Susi walipofika Kwihara na maiti yake, Cameron, msafiri Mwingereza, alitwaa baadhi ya vyombo vyake vya kupimia, akaenda zake magharibi.