Avogadro, mwanasheria wa Turin aliyetenganisha atomi na molekuli

Mwanafunzi wa sekondari anayesoma kemia katika nchi zetu za Afrika Mashariki hukutana na jina la Avogadro katika mada ya moli, mada ambayo imewatoa jasho wengi. Jina hilo limeambatanishwa na namba kubwa mno: 602 ikifuatwa na sifuri 21. Jambo ambalo aghalabu halisemwi darasani ni kwamba Avogadro mwenyewe hakuijua namba hiyo, wala hakuwahi kuikokotoa. Alichoacha ni wazo moja, nalo lilikaa karibu nusu karne bila kupata wa kulitetea, hata mwenyewe akafariki kabla ya kuliona likikubaliwa.

Amedeo Avogadro alizaliwa Turin tarehe 9 Agosti 1776, katika jimbo la Piedmont, ambalo leo ni sehemu ya kaskazini mwa Italia. Ukoo wake ulikuwa wa makabaila na wanasheria, naye akafuata nyayo za baba yake. Mwaka 1796, akiwa na umri wa miaka 20, alihitimu shahada ya udaktari katika sheria za kanisa, akaanza kazi. Lakini moyo wake ulikuwa kwingine. Kuanzia mwaka 1800 alijifunza fizikia na hisabati kwa bidii yake mwenyewe, na mwaka 1809 aliteuliwa kufundisha katika chuo cha Vercelli, mji mdogo ulio kati ya Turin na Milano. Huko ndiko alikoandika makala yaliyochapishwa mjini Paris mwaka 1811.

Ili kuelewa uzito wa makala hayo, yafaa tutazame fumbo lililowakabili wanakemia wa wakati ule. John Dalton wa Uingereza alikuwa amefundisha kwamba kila elementi imeundwa na atomi zisizogawanyika. Mwaka 1808, Mfaransa Joseph Louis Gay-Lussac akaonyesha kwamba gesi huungana kwa vipimo vyepesi vya ujazo. Lita 2 za haidrojeni zikiungana na lita 1 ya oksijeni, hupatikana lita 2 za mvuke wa maji, mradi joto na mgandamizo havibadiliki.

Hapo ndipo palipokuwa na utata. Tuseme kila lita ya gesi ina chembe 100. Chembe 200 za haidrojeni na chembe 100 za oksijeni zimezaa chembe 200 za maji. Kila chembe ya maji lazima iwe na oksijeni ndani yake, na oksijeni iliyopo ni chembe 100 tu. Basi kila moja imepata nusu. Je, atomi isiyogawanyika imegawanywaje? Dalton aliona heri avitilie shaka vipimo vya Mfaransa kuliko kukubali jambo hilo.

Avogadro alikubali yote mawili. Alisema kwamba gesi zote, zikiwa na ujazo uleule katika joto na mgandamizo uleule, zina idadi sawa ya chembe. Kisha akaongeza hatua iliyohitaji ujasiri: chembe ya gesi ya oksijeni si atomi moja, ni atomi mbili zilizoshikana, na zinapokutana na haidrojeni huachana. Kinachogawanyika ni molekuli. Atomi hubaki nzima. Kwa hoja hiyo, maji yana sehemu mbili za haidrojeni kwa moja ya oksijeni, wala si moja kwa moja kama Dalton alivyodhani.

Tofauti hiyo haikuwa ndogo hata kidogo. Katika maji, uzito wa oksijeni ni takriban mara 8 ya uzito wa haidrojeni. Anayeamini kwamba chembe ya maji ina atomi moja ya kila aina atasema atomi ya oksijeni ni nzito mara 8 kuliko ya haidrojeni. Anayemfuata Avogadro atasema ni mara 16. Na kwa kuwa uzito wa elementi nyingine nyingi ulipimwa kwa kulinganishwa na oksijeni, kosa la mwanzo lilisambaa katika majedwali yote.

Kwa nini basi hakusikilizwa? Sababu moja ilikuwa Jöns Jacob Berzelius wa Sweden, mwanakemia aliyeheshimiwa kuliko wote Ulaya. Yeye aliamini kwamba atomi huvutana kwa sababu moja ina umeme chanya na nyingine hasi. Atomi mbili za aina moja zingewezaje kushikana? Tena, Avogadro hakuwa na majaribio mengi ya kwake ya kuonyesha. Sababu nyingine ni ya lugha, na sisi ambao riziki yetu ni kuhamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine hatuwezi kuipita kimya. Katika makala yake ya Kifaransa hakutumia neno atomi. Alitumia neno molekuli kwa vitu vyote, akilibandika vivumishi tofauti kila alipotaka kutofautisha. Mtu aliyekuja kutenganisha dhana mbili aliziita kwa jina moja, na si ajabu kwamba wasomaji wengi walipotea njiani.

Mwaka 1820 alipewa kiti cha uprofesa wa fizikia ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Turin. Haukupita muda, uasi wa mwaka 1821 dhidi ya mfalme ukatikisa Piedmont. Chuo kikatiliwa shaka na kiti chake kikafutwa. Alirejeshwa katika miaka ya 1830, akafundisha hadi mwaka 1850. Nyumbani alikuwa na mkewe Felicita na watoto sita. Aliishi kwa utulivu, akaandika kitabu cha fizikia chenye juzuu nne, na akafariki tarehe 9 Julai 1856.

Wakati huo kemia ilikuwa imevurugika. Kitabu kimoja cha August Kekulé, cha mwaka 1861, kiliorodhesha fomula 19 zilizokuwa zikitumika kwa asidi ya siki peke yake. Kwa sababu ya vurugu hiyo, Septemba 1860 wanakemia wapatao 140 walikutana Karlsruhe, Ujerumani. Stanislao Cannizzaro wa Sicilia, ambaye miaka kumi na kitu nyuma alikimbia nchi yake baada ya kushiriki mapinduzi, alisimama akamtetea marehemu. Mkutano ulipokwisha, rafiki yake Angelo Pavesi aligawa kijitabu ambamo Cannizzaro alieleza jinsi wazo la Avogadro linavyosahihisha uzito wa atomi. Miongoni mwa waliohudhuria walikuwa Lothar Meyer na Mrusi kijana, Dmitri Mendeleev. Mwaka 1869 Mendeleev alipanga elementi kwa kufuata uzito huo uliosahihishwa, likapatikana jedwali linaloning'inia leo katika kuta za maabara.

Namba yenyewe ilikuja baadaye. Josef Loschmidt wa Austria alikadiria ukubwa wa molekuli za hewa mwaka 1865. Mwaka 1909 Mfaransa Jean Perrin, aliyekuwa akichunguza kwa darubini chembe za utomvu zikitikisika majini, alipata makadirio mazuri zaidi na kupendekeza namba hiyo iitwe kwa jina la Avogadro. Tangu tarehe 20 Mei 2019 haipimwi tena, kwani mataifa yamekubaliana kuiweka kuwa 602,214,076,000,000,000,000,000 kamili. Hiyo ndiyo idadi ya molekuli zilizomo katika takriban gramu 18 za maji, zaidi kidogo ya kijiko kikubwa kimoja, na kila moja ina atomi mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni, kama mwalimu wa Vercelli alivyopiga hesabu mwaka 1811.