Jacob Wainwright, Kalamu ya Msafara

Kijana wa Nyarusange katika mkoa wa Gitega, Burundi, anapovaa sare ya jeshi au ya polisi, huwa tayari amepitia lugha kadhaa. Kirundi amekinyonya kwa mama, Kifaransa amekikuta darasani, na Kiswahili amekisikia kwa wafanyabiashara na wasafiri. Juu ya hizo kuna Kiingereza, kilichotambuliwa kuwa lugha rasmi ya nchi hiyo mwaka 2014, sambamba na Kirundi na Kifaransa. Wanajeshi wa Burundi waliokwenda Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika, kuanzia mwaka 2007, wanajua vema kuwa taarifa ya doria huko ilihitaji Kiingereza, na kwamba sentensi iliyokatika katikati ingeweza kumpoteza njia anayeisoma.

Taabu hiyo si ngeni. Miaka mia moja na hamsini iliyopita ilimkuta kijana mmoja wa Kiafrika ambaye hakuwa na kamusi wala mwalimu karibu naye, naye alikuwa na maiti ya kuifikisha pwani na wenzake wenye njaa. Jina lake ni Jacob Wainwright.

Jacob alikuwa Myao. Alitekwa utumwani angali mtoto, akaokolewa na Waingereza waliokuwa wakizuia biashara ya watumwa baharini, kisha akapelekwa India, kwenye shule ya wamisionari iliyokuwa Nasik, si mbali na Bombay. Shule hiyo ililea watoto wengi wa Kiafrika waliokombolewa. Huko ndiko alikojifunza kusoma na kuandika Kiingereza, lugha ambayo haikuwa ya nyumbani kwao wala ya nchi aliyolelewa. Aliporejea upande huu wa bahari alikuwa na Kiyao cha kuzaliwa, Kiswahili cha pwani na cha misafara, na Kiingereza cha shuleni.

Wakati huo Dk. David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, alikuwa bara. Mnamo Novemba 1871 yeye na Henry Stanley walifika ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, na hata leo jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, ni kumbukumbu ya siku walizolala hapo. Baadaye walirudi Unyanyembe, karibu na Tabora, wakaagana. Stanley alipofika pwani alimpelekea Livingstone watu 57 wa kumsaidia, na miongoni mwao walikuwamo Jacob na vijana wenzake wa Nasik. Walifika Unyanyembe Agosti 1872, na kabla ya mwezi huo kwisha safari ya kuelekea kusini ikaanza.

Safari hiyo ilikuwa ya mvua, vinamasi na maradhi. Mapema mwezi Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, ndani ya nchi ambayo leo ni Zambia, Livingstone alikutwa amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Hapo ndipo nidhamu ya watu wale ilipoonekana. Viongozi wao, Susi na Chuma, waliwakusanya wote. Masanduku ya marehemu yakafunguliwa mbele ya mashahidi, na Jacob akaamriwa kuandika kila kilichomo, kitu baada ya kitu, ili asitokee mtu siku za mbele wa kuwashtaki kwa wizi. Askari polisi atatambua mara moja kazi hiyo ni ya namna gani: ni orodha ya vielelezo, iliyoandikwa papo hapo, hadharani, na mtu anayejulikana kwa jina.

Wakaamua kuurudisha mwili pwani. Moyo na matumbo vilizikwa chini ya mti wa mpundu, na Jacob akasoma sala za maziko. Kisha akachonga jina la marehemu na tarehe kwenye gogo la mti huo. Kipande hicho cha gogo kilikatwa mwaka 1899, nacho kilipelekwa London. Mwili ulikaushwa juani kwa majuma mawili, ukafungwa kwa nguo na magome ya mti, ukatiwa mtini begani, na msafara ukaondoka.

Njiani walipambana na magonjwa na uadui. Mnamo Oktoba 1873 walifika Ukonongo, kusini mwa Unyanyembe, wakiwa wamechoka na hawana nguo za kubadilishana na chakula. Walikuwa wamepata habari kwamba Unyanyembe kuna Wazungu, na kwamba mwana wa Livingstone yumo miongoni mwao. Ikabidi iandikwe barua, na ya Kiingereza. Kazi hiyo ikamwangukia Jacob.

Barua yake ilikuwa fupi sana. Alieleza kuwa mwezi Agosti walisikia bwana huyo ametoka Zanzibar kuja Unyanyembe, na kwamba siku za karibuni wamesikia tena na tena kuwa amefika. Akamwarifu kuwa baba yake amefariki kwa maradhi ng'ambo ya nchi ya Wabisa, lakini maiti wanayo. Akasema askari kumi wamepotea na wengine wamekufa. Akaomba nguo za kununulia chakula kwa sababu njaa imewabana. Mwisho akauliza kama watakapoingia mjini wapige bunduki au wasipige, maana ilikuwa desturi ya misafara kutangaza kufika kwake kwa milio ya risasi.

Tuitazame barua hiyo kwa macho ya mwanafunzi. Kiingereza chake kilikuwa na kasoro: mahali fulani neno dogo la kuunganisha lilidondoka, na mpangilio wa maneno ulikwenda upande. Sababu tunaijua sote tunaosema lugha za Kibantu. Kwetu neno moja hubeba sentensi nzima. Askari akisema tumembeba, mtenda, wakati, mtendwa na tendo vyote vimo ndani ya neno hilo. Mwingereza huvitenganisha vitu hivyo, akakipa kila kimoja neno lake na mahali pake, na kimoja kikikosekana, sentensi huwa imekatwa mguu. Kijana wa Kiyao, na vilevile wa Kirundi, anapoandika Kiingereza hana budi kukifungua kifurushi cha lugha yake na kupanga vilivyomo kimoja kimoja.

Jacob alikifungua. Kila habari katika barua ile ina mtenda na tendo lake. Nani amekufa, kwa nini, wapi, wamefanya nini, wamepoteza wangapi, wanahitaji nini na wanangoja amri gani: yote yamo. Ofisa yeyote leo angefurahi kupokea taarifa ya namna hiyo kutoka uwanjani.

Hata hivyo, barua ilitatiza. Aliyeipokea tarehe 20 Oktoba hakuwa mwana wa Livingstone. Alikuwa Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, aliyetumwa kumtafuta na kumsaidia Livingstone. Homa ilikuwa imemwangusha na macho yake yalikuwa karibu kupofuka. Akasoma kwa shida kuwa baba yake amefariki. Akampelekea mwenzake, Dk. Dillon, naye alikuwa mgonjwa vilevile. Wote wawili wakabaki wameduwaa, wasijue ni baba wa nani kati yao aliyekufa. Mpaka alipoingia Chuma, aliyeileta barua, ndipo walipoelewa kuwa anayezungumzwa ni Livingstone.

Hapa pana funzo zito kuliko sarufi. Sentensi ile ya kifo ilikuwa kamili kwa kanuni za mwalimu, kwa kuwa ilikuwa na kiima na kiarifu. Kilichokosekana ni jina la marehemu. Jacob alimwandikia mtu aliyemdhania, na kwa mtu huyo maneno baba yako yangetosha. Lakini barua ya msafara, kama taarifa ya doria au maelezo ya shahidi, haichagui msomaji wake. Inaweza kuangukia mikononi mwa mgeni, mgonjwa, au hakimu asiyewahi kufika mahali pa tukio. Basi sentensi iliyo kamili ni ile inayoweza kusimama peke yake mbele ya mtu wa namna hiyo, bila mwandishi kuwapo kuifafanua.

Cameron alishauri mwili uzikwe Unyanyembe. Watu wale wakakataa, wakaendelea na safari. Walipoona kuwa wenyeji wa njiani hawataki maiti ipite katika nchi yao, waliufunga upya mwili ufanane na mzigo wa kawaida wa nguo, wakapita. Walifika Bagamoyo Februari 1874, baada ya mwendo wa miezi tisa na zaidi ya kilomita 1,500. Wengi wao walilipwa ujira wao wakaachiwa waende zao. Jacob peke yake, kwa msaada wa chama cha wamisionari, ndiye aliyepanda meli pamoja na jeneza, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waliolisindikiza katika kanisa la Westminster Abbey, London.

Alirudi Afrika, akafanya kazi na wamisionari, akafariki Urambo, magharibi ya Tabora, mwaka 1892. Hakuacha mali. Aliacha shajara aliyoiandika kwa Kiingereza, inayosimulia kifo cha bwana wake na safari ya kuirudisha maiti. Ilichapwa kwa Kijerumani mwaka 1874, lakini maandishi ya mkono wake yakakaa Blantyre, Uskoti, mji aliozaliwa Livingstone, hadi kurasa zake zilipowekwa kwenye intaneti mwaka 2019 ili asomaye asome.

Watu wapatao sitini walitoka Chitambo na mzigo ule, na mabega yao yote yalistahili sifa sawa. Lakini tunapotaka kujua siku kwa siku yaliyowapata, tunakwenda kwa yule aliyeandika. Ndugu askari, Kiingereza chako kisikutie haya kwa kuwa hukuzaliwa nacho. Jacob naye hakuzaliwa nacho. Ukiisha kuandika taarifa yako, isome tena kana kwamba wewe ni Cameron, umelala na homa, macho yamefunga, na hujui lolote la safari. Kama bado waweza kuuliza ni baba wa nani, kalamu haijamaliza kazi yake.