Ian Curtis: Walimsikia, Hawakumsikiliza

Aghalabu sisi tunaofundisha lugha huisoma insha ya mwanafunzi tukiwa na kalamu nyekundu mkononi. Tunasahihisha sarufi, tunatoa alama, kisha tunafungua daftari jingine. Maisha ya Ian Curtis, mwimbaji wa bendi ya Joy Division ya Uingereza, yanatuonya dhidi ya mazoea hayo.

Curtis alizaliwa tarehe 15 Julai 1956 huko Stretford, karibu na Manchester, akakulia Macclesfield. Alikuwa mpenzi wa vitabu na mashairi. Alioa mwaka wa 1975, akiwa na umri wa miaka 19, akafanya kazi katika ofisi ya serikali iliyowatafutia ajira watu wenye ulemavu. Huko alikutana na msichana mwenye kifafa. Msichana huyo alipofariki, Curtis alimtungia wimbo.

Bendi yake ilianza kwa kufuata fujo za muziki wa panki, kisha ikashika njia yake yenyewe. Gitaa la besi ndilo lililobeba mahadhi, ngoma zilikuwa kavu, na sauti ya Curtis ilikuwa nzito, kana kwamba inatoka katika ukumbi mtupu. Mara ya kwanza kuisikia albamu yao ya mwaka wa 1979, Unknown Pleasures, nilikuwa mwanafunzi wa uzamifu, na nusura niizime. Usiku huohuo niliirudia mara tatu.

Mapema mwaka huo wa 1979, madaktari walithibitisha kwamba Curtis mwenyewe alikuwa na kifafa. Mara nyingine alishikwa na ugonjwa huo jukwaani. Na kwa kuwa uchezaji wake ulifanana na mtukutiko wa mgonjwa, watazamaji walishangilia. Ndoa yake nayo ilikuwa ikiyumba. Dhiki hizo aliziimba waziwazi. Aprili 1980 alijaribu kujiua, na haukupita muda akarejeshwa jukwaani. Tarehe 18 Mei 1980, katika mkesha wa safari ya Marekani, alijitoa uhai. Alikuwa na umri wa miaka 23. Albamu yao ya pili, Closer, ilitoka Julai, naye hayupo.

Baadaye wenzake walikiri kwamba maneno ya nyimbo zile hawakuyatilia maanani; waliyachukulia kuwa sanaa tu. Tusiwalaumu. Walikuwa vijana, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sisi walimu, hata hivyo, hatuna udhuru huo. Katika isimu tunafundisha kwamba maana ya usemi haimo katika maneno pekee, bali pia katika hali ya msemaji. Basi mwanafunzi anapoandika juu ya kifo insha baada ya insha, tuiweke kando kalamu nyekundu, tumwite faraghani, tumwulize hali yake, na tumfikishe kwa wanaoweza kumsaidia. Nawe mwanafunzi, ukiona mwenzako ameelemewa, usingoje mwalimu agundue. Kuuliza si ujinga.