Imam Ghazali: Mwalimu Aliyefungika Ulimi

  

 Mwaka huu nimekuchagulia maisha ya Imam Abu Hamid al-Ghazali. Najua jina si geni kwako. Kama umepita madrasa umeliona juu ya Bidayatul Hidaya, au umemsikia ustadh akitaja Ihyau Ulumid Din. Wengi tunamjua kwa vitabu vyake. Leo nataka umjue kwa ugonjwa wake. Ndiyo, ugonjwa! Huyu tunayemwita Hujjatul Islam, hoja ya Uislamu, ilifika siku akakaa mbele ya wanafunzi wake na asiweze kutamka hata neno moja.

Kwa nini nimemchagua yeye? Nitakwambia ukweli. Nilipokuwa mwaka wa pili chuo kikuu nilirudi nyumbani Migori katikati ya semesta. Sikuwa nimefukuzwa, wala karo haikuwa imekwisha. Nilikuwa silali, chakula hakipiti, na nikifungua msahafu macho yanaona herufi lakini ulimi hausogei. Mama aliogopa sana. Na wewe unajua kwetu inavyokuwa: kwa shangazi watasema ni chira, msikitini watasema ni jini, na barazani watasema kijana imani yake imelegea. Ustadh wangu wa zamani hakusema lolote kati ya hayo. Alinisimulia kisa hiki, na mimi leo nakusimulia wewe.

KUZALIWA NA KULELEWA KWAKE

Jina lake ni Muhammad bin Muhammad. Alizaliwa mwaka 450 Hijria (1058 Miladia) katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan, sehemu ambayo leo iko Iran. Waandishi wa maisha yake wanasema babake alikuwa mtu maskini, akisokota sufi na kuiuza, na akipenda sana kukaa na wanazuoni. Alipoona mauti yamekaribia, aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mchaji Mungu, pamoja na akiba yake ndogo awasomeshe.

Akiba iliisha. Rafiki yule naye hakuwa na kitu, basi akawashauri waingie madrasa ambako wanafunzi walipewa chakula. Kwa hiyo huyu Imam alianza kusoma kwa sababu ya njaa, na mwenyewe hakuona haya kulikiri jambo hilo baadaye.

Inasimuliwa kwamba akiwa kijana alisafiri hadi Jurjan kusoma. Njiani akirudi, majambazi wakawapora. Ghazali akamfuata mkubwa wao akimwomba amrudishie angalau daftari zake, maana elimu yake yote imo humo. Yule jambazi akacheka: hiyo ni elimu gani, ukinyang'anywa karatasi unabaki hujui kitu? Daftari akarudishiwa, lakini maneno yalimchoma. Alikaa Tus miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika.

Kisha akaenda Nishapur kwa mwanachuoni mkubwa wa zama zile, Imamul Haramayn al-Juwayni, akakaa naye mpaka shekhe huyo alipofariki mwaka 478 H (1085).

KUPANDA CHEO

Baada ya hapo Ghazali alijiunga na baraza la Nidhamul Mulk, waziri mkuu wa dola ya Waseljuki. Barazani pale wanazuoni walikuwa wakishindana kwa hoja, na kila aliyesimama na Ghazali alishindwa. Mwaka 484 H (1091) waziri akampa kiti cha kufundisha katika madrasa ya Nidhamiya, Baghdad. Sasa we fikiria: yatima aliyeingia madrasa kutafuta chakula, akiwa na miaka kama 33 tu, anakalia kiti kikubwa kabisa cha elimu, mbele yake wanafunzi wapatao 300.

Mchana alifundisha, na saa chache alizozipata alisoma falsafa peke yake, bila mwalimu. Kutokana na kazi hiyo aliandika Tahafutul Falasifa, kitabu cha kuwajibu wanafalsafa. Mawaziri walimheshimu, makhalifa walimtaka ushauri. Ukimtazama kwa nje ungesema huyu hana shida duniani. Lakini mwaka 485 H (1092) Nidhamul Mulk aliuawa, na wiki chache tu baadaye Sultan Malik Shah naye akafa. Nchi ikaingia katika vurugu za kugombea ufalme.

ULIMI WAFUNGIKA

Mwaka 488 H (1095), mwezi wa Rajab, mambo yalimfika kooni. Ghazali alikaa akaikagua nia yake. Alijiuliza anafundisha kwa ajili ya nani. Jibu alilolipata lilimtisha: kilichokuwa kinamsukuma ni cheo na sifa. Akaona yuko ukingoni mwa moto. Kwa karibu miezi sita alikuwa wa kwenda na kurudi. Leo anaazimia kuiacha Baghdad, kesho azma inayeyuka. Nafsi inamwambia utaachaje kiti kama hiki? Moyo unamwambia umri umebaki kidogo, ondoka!

Hatimaye mwili ukakataa. Ulimi ulifungika. Alijaribu kufundisha hata siku moja tu kuwaridhisha wanafunzi wake, na neno halikutoka. Huzuni ikamshika, chakula na maji vikawa havipiti, akadhoofika. Madaktari walikuja, wakamtazama, wakakata tamaa na dawa zao. Walisema asili ya ugonjwa ni moyoni, kisha umeenea mwilini, na hautatoka mpaka ile dhiki iliyo ndani ipate nafuu.

Hebu tusimame hapa kidogo, ndugu yangu. Hawa ni madaktari wa Baghdad zaidi ya miaka 900 iliyopita. Hawakumwambia ana jini, wala hawakumwambia aongeze imani. Elimu ya magonjwa ya nafsi haikuwa ngeni kwa Waislamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 H (934), alikwishaandika kitabu kizima juu ya kuulinda mwili na nafsi, ambamo alieleza huzuni, hofu na wasiwasi na namna ya kuvitibu. Hospitali za miji mikubwa ya Kiislamu zilikuwa na sehemu za wagonjwa wa akili. Sisi ndio tuliosahau.

KUONDOKA BAGHDAD

Alipoona hana hila tena, Ghazali alimlilia Allah kama mtu aliyekwama. Hapo ndipo kuacha mali na cheo kukawa chepesi kwake. Lakini tazama alivyoondoka. Darasa lake la Nidhamiya alimwachia nduguye Ahmad. Mali yake aliigawa, akabakisha ya kumtosha yeye na watoto wake. Akatangaza kwamba anakwenda Makka, na moyoni amekusudia Sham, kwa kuchelea khalifa na marafiki wasimzuie. Mwezi wa Dhul Qaada mwaka huo wa 488 akatoka.

Watu hawakunyamaza! Wa mbali walisema amewakimbia watawala. Wa karibu, walioona watawala wenyewe wanambembeleza abaki, walisema ni jicho la hasidi. Hata leo wapo watafiti wanaosema hatari za siasa za wakati ule nazo zilichangia. Lakini mwenyewe alisema ni moyo.

Damascus alikaa, kwa maelezo yake, karibu miaka miwili. Alikuwa akipanda mnara wa msikiti wa Bani Umayya na kujifungia humo mchana kutwa, akifanya dhikri na kuisafisha nafsi yake. Akaenda Baytul Maqdis, akawa kila siku anajifungia katika Kuba ya Mwamba. Akazuru kaburi la Nabii Ibrahim (AS) huko Khalil, na pale aliweka nadhiri ya mambo matatu: asiende kwa wafalme, asipokee mali yao, na asiingie tena katika mabishano ya kushindana. Kisha akahiji na kumzuru Mtume (SAW) Madina.

Unaona zile nadhiri? Ni yaleyale yaliyomuuguza. Hakupumzika tu halafu akarudi kulekule. Alikitafuta kile kilichokuwa kinamla, akakifungia mlango.

KITABU KILICHOTOKA KATIKA MARADHI

Katika miaka hiyo ya kujitenga ndipo alipoandika Ihya, vitabu 40 ndani ya kimoja, vimegawanywa robo nne: ibada, desturi za maisha, mambo yanayoangamiza na mambo yanayookoa. Katika robo ya yanayoangamiza kuna kitabu kinachohusu kupenda cheo na riya. Aliyekiandika aliujua ugonjwa huo kwa kuuguzwa nao.

Na kwa sisi tunaopenda kujifungia chumbani, yupo mwingine: kitabu cha 16, juu ya adabu za kujitenga. Humo anapima faida na hasara. Anakubali kwamba kujitenga kunakupa nafasi ya ibada na kunakuepusha na kusengenya na riya. Lakini unakosa kufundisha na kufundishwa, unakosa kuzuru wagonjwa, unakosa wa kukuliwaza. Hukumu inategemea mtu na hali yake. Na kitabu kilichotangulia hicho, cha 15, kinahusu udugu na urafiki! Ameviweka jirani.

KURUDI KWAKE

Mwishowe watoto walimwita, akarudi nyumbani. Uzla yake haikuwa kamili. Mwenyewe anakiri kwamba shida za familia na riziki zilimkatiza mara kwa mara, akawa anaupata utulivu kwa vipande vipande, lakini hakukata tamaa nao. Mwaka 499 H (1106), baada ya takriban miaka 11, alitakiwa na waziri Fakhrul Mulk, mtoto wa Nidhamul Mulk, akafundishe Nishapur. Hakukurupuka. Alishauriana na wacha Mungu, wakamwambia toka, watu wanakuhitaji. Akarudi kiti kilekile cha mwalimu, ila nia si ileile.

Miaka yake ya mwisho alikuwa Tus, na karibu na nyumba yake palikuwa na madrasa ya wanafunzi na mahali pa wacha Mungu. Alifariki siku ya Jumatatu, 14 Jumadal Akhira mwaka 505 H (18 Desemba 1111), akiwa na miaka 53 hivi. Nduguye Ahmad, yuleyule aliyemwachia darasa, alisimulia kwamba asubuhi hiyo alitawadha, akasali, akaomba sanda yake, akaibusu, akajinyoosha kuelekea kibla na roho ikatoka. Allah amrehemu.

MAFUNZO KWETU

Kwanza, maradhi ya moyo na akili si dalili ya imani mbovu. Nabii Yaqub (AS) alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na alikuwa Nabii wa Allah. Ukimwona mwenzako amenyamaza, usimhukumu.

Pili, Ghazali aliita madaktari na pia alimwomba Mola wake. Hakuacha kimoja kwa ajili ya kingine. Hospitali za rufaa zipo Migori na Homa Bay. Nenda uulizie huduma ya afya ya akili. Na kama mtu amefika mahali pa kutaka kujidhuru, apelekwe haraka bila kuogopa polisi. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba.

Tatu, kujitenga kuna mpango. Yeye aliacha mwalimu darasani na matumizi ya watoto. Kujifungia hosteli na simu usiku kucha bila kumwambia mtu, hiyo si uzla. Huko ni kuzama.

Nne, alirudi.

Kumi la mwisho limekaribia. Kuanzia Kendu Bay, Homa Bay na Mbita hadi Rongo, Awendo, Migori na Isebania, wapo watakaoingia itikafu wakiwa na mizigo ambayo hawajamwambia mtu. Kama ni wewe, mwambie imamu kabla hujaingia, na nyumbani wajue uko wapi. Kama unatumia dawa, usiziache. Muulize daktari kwanza kuhusu saumu na kukesha, maana kukosa usingizi huwazidishia baadhi ya wagonjwa, na Allah amemruhusu mgonjwa kula na kulipa baadaye. Na wewe uliye mzima, ukimwona kijana kaketi pembeni ya msikiti peke yake, mpelekee futari.

Mimi niliingia itikafu mwaka ule baada ya kwenda hospitali, si badala yake. Usiku wa tatu ustadh aliniketisha karibu naye, akafungua msahafu, akasoma aya akanisubiri. Nikasoma neno moja. Akasubiri tena. Semesta iliyofuata nilirudi darasani.

Allah awaponye wagonjwa wetu, azipokee saumu zetu na atujaalie tuwe wa kusubiriana. Amin. Wabillahi tawfiq.