Kivoi wa Kitui na Mgeni Mwenye Kalamu

Juzi nilimkuta mjukuu wangu amekiinamia kitabu cha hadithi za picha. Adui wa hadithi ile ametoka sayari nyingine. Hashiki upanga; ni mdukuzi, huingia katika mitambo ya watu bila kuvunja mlango, akaondoka na siri zao. Mtoto akaniuliza kama duniani wapo watu wa namna ile. Nikamwambia aketi, nimpe habari za Kivoi.

Kivoi wa Mwendwa alikuwa tajiri wa Kitui katika karne ya 19. Siku zile Ukambani hakukuwa na sultani. Mtu alipata sauti kwa mali, kwa ufasaha, na kwa sifa ya uganga. Kivoi alikuwa na misafara iliyobeba pembe za ndovu hadi pwani, na watumwa wa kuzibeba, maana hakuwa malaika. Pembe ziliposhuka Mombasa, huku zilirudi nguo, shanga na waya za shaba. Wazee wetu wengi walikula kwa biashara hiyo. Mali yake kubwa, hata hivyo, haikuwa pembe. Ilikuwa ni kuijua njia: maji yako wapi, nani rafiki, nani jambazi.

Mwaka 1849 akaja mgeni. Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alikuwa amefika Mombasa mwaka 1844 akiwa na barua ya Sayyid Said, akamzika mkewe huko mwaka huo huo, kisha akakaa Rabai. Alipanda bara kwa kupitia Kikumbuliu, upande wa Kibwezi, ambao leo uko Makueni, mpaka akafika kwa Kivoi. Mwenyeji akampokea vizuri. Akamsimulia mlima mweupe wa Uchagani, na mwingine mkubwa zaidi, mwendo wa siku kadhaa kutoka kwake. Tarehe 3 Desemba Krapf akauona kwa mbali, akaliandika jina alilolisikia kwa Wakamba. Wataalamu wa London walibisha kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta.

Mwaka 1851 Krapf alirudi, na mwezi wa Agosti wakafuatana kuelekea mto Tana. Karibu na mto majambazi wakawavamia. Watu wakatawanyika, Kivoi akauawa. Krapf alitangatanga peke yake, akijificha mchana na kutembea usiku, akabeba maji katika mitutu ya bunduki yake na katika mfuko wa darubini.

Alipofika kwa jamaa wa marehemu, hakupokewa kama mtu aliyeokoka. Walimshika yeye kuwa ndiye chanzo cha msiba. Ilimbidi atoroke, akarudi Rabai akiwa hoi.

Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mwenyeji hakupona.

Mjukuu wangu alitaka kujua nani mbaya wa hadithi hii. Nilimjibu kwa haki. Krapf hakumuua Kivoi, wala hakuja kwa siri. Aliingia kwa mlango na kukaribishwa. Lakini kilio cha jamaa wale hakikuwa upuuzi mtupu. Njia iliyokuwa kichwani mwa Kivoi ilikuwa imeingia katika karatasi, na karatasi husomwa na asiyekaribishwa. Miaka 45 baadaye, mwaka 1896, ujenzi wa reli ukaanza Mombasa. Ikakata nyika ya Kibwezi na Makindu, ikafika Kisumu mwaka 1901. Misafara ya pembe haikuwa na kazi tena.

Mwaka 1920 koloni likapewa jina la mlima ule, Kenya. Jina la Krapf limo katika vitabu vya shule. La Kivoi, watoto wa pwani walio wengi hawalijui.

Mjukuu alikifunga kitabu chake. Akaniuliza Kitui ni mbali kiasi gani.